Jina Lililobaki kwa Wazima

Jioni nyumbani Magomeni hakuna tena sauti ya kuanzisha rozari, na Benigna hujikuta amepiga magoti akimngoja bibi yake atangulie. Kikongwe yule alisali polepole, mdomo wa juu umelegea pale alipowahi kuvaa ndonya, kile kigingi cha urembo, vidole vyeusi kwa utomvu wa korosho vikisogeza punje. Mwishoni aliwataja wazima, wajukuu wakiitikia, “Bwana amlinde,” kisha marehemu, nao wakiitikia, “Apumzike kwa amani.” Kitindamimba wake, aliyevuka Mto Ruvuma kwenda vita vya ukombozi, alimtaja kwa wazima. Wenzake wakaja kusema wamemzika kwa mikono yao. Aliwapa uji, akawashukuru, na jioni ile akamtaja palepale kwa wazima.

“Bibi, mjomba ni marehemu,” Benigna alimnong'oneza.

“Kwani umemzaa wewe? Itikia.”

Wakaitikia hivyo miaka na miaka. Masika ya 1973, bibi akiwa hawezi tena kuinuka kitandani, aliwataja wazima wote akamruka mwanawe, akamtaja wa kwanza kwa marehemu, akangoja. Wajukuu walitazamana mpaka Benigna alipoitikia peke yake, “Apumzike kwa amani.”

Bibi amezikwa Likombe, upande huu wa Ruvuma.