Maua ya Panga na Beberu wa Mama Mkwe

Placide alitunza bustani ya bwana agronome, mzungu wa kilimo, hapa Fizi kwa miaka saba, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuuona uso wa mama mkwe wake. Kwetu hilo si la kushangaza. Mwanamume aliyeoa hamtazami mama wa mke wake, hali naye, wala jina lake halitaji. Akimwona anakuja njiani, anaingia porini, hata kama pori lina upupu. Placide aliingia kwenye upupu mara mbili, na watu wakamhesabu kuwa mkwe mwema.

Tabu yake ilikuwa kwamba bustani inataka samadi, na mbuzi wa kutosha walikuwa kwa mama mkwe. Yeye tulimwita Mama Pulchérie, kwa jina la binti yake, ambaye ndiye mke wa Placide. Alikuwa mjane. Alikaa chini ya mlima, pale njia ya Baraka inapokata kona, na mbuzi wake kumi na wawili walilala katika zizi la miti lililoinuliwa juu ya ardhi, samadi ikidondoka chini na kurundikana.

Kila Jumamosi asubuhi Placide alishuka na kitunga, akasimama nje ya lupango, uzio wa matete wa mama mkwe, akakohoa. Mama Pulchérie alipomsikia alikwenda nyuma ya nyumba. Hapo Placide aliingia na kuchota. Na kwa kuwa watu wa familia moja hawawezi kukaa bila habari, walizungumza, ila walizungumza na beberu. Alikuwa beberu mzee mwenye pembe moja, na siku za Jumamosi alifungwa katikati ya uwanja kwa kazi hiyo.

"We beberu," Mama Pulchérie alisema siku moja kutoka nyuma ya nyumba, "uliza ule muntu kama mutoto wangu iko anakula."

"Beberu, ambia mama iko anakula. Jana alikula samaki ya Baraka, mbili."

"Beberu, mbili ni mingi. Asimuzoeze vibaya."

Beberu alitafuna. Samadi yenyewe hawakuitaja kwa jina lake, kwa sababu ya heshima. Waliiita takataka ya zizi.

Mwaka wa 1954 Madame, mke wa agronome, alipokea sanduku lililokuja kwa meli hadi Baraka. Ndani mlikuwa na vitunguu sitini vilivyolala katika maranda. Havikuwa vitunguu vya kula bali vya maua. Madame aliyaita glaïeul. Placide alijaribu jina hilo siku mbili, halafu akayaita maua ya panga, maana majani yake yanasimama kama panga. Sisi majirani tulimwuliza yanapikwa namna gani. Alisema hayapikwi. Tukamwuliza mbona basi yamezungushiwa uzio. Akaendelea kumwagilia.

Mwaka wa kwanza alijaza kila shimo samadi mbichi, iliyotoka zizini asubuhi ileile, akaweka kitunguu juu yake. Nusu vilioza. Vilivyobaki vilitoa maua matatu kila kimoja, yaliyoinama kama watu wanaotafuta sindano. Bwana agronome alisema mambo ya mavi ya mbuzi ni mambo ya kijijini. Alifungua gunia la mbolea ya Ulaya, ile iliyoletwa kwa majaribio ya pamba, nyeupe kama chumvi ya mawe, akaamuru mwaka wa pili itumike hiyo peke yake. Hakusema kiasi gani, kwa kuwa alikuwa anawahi pamba za kando ya ziwa. Placide akatia konzi moja katika kila shimo.

Vitunguu vingi viliungua mizizi. Vilivyopona vilitoa majani yaliyofika mshipi wa mtu, ya kijani kinachokaribia weusi, bila ua hata moja, na mvua kubwa ya kwanza iliyalaza yote. Madame alikuja, akatazama, akasema neno moja la Kifaransa. Placide hakuomba afasiriwe. Sanduku jingine lilipofika, Madame alisema hilo ndilo la mwisho.

Sasa, stoo ya Bwana ilikuwa inavuja, kwa hiyo gunia la mbolea Placide alilihifadhi kwake, chini ya kitanda. Katika mwezi wa sita alihamishia mbolea iliyobaki katika debe, akalirudisha debe chini ya kitanda, na gunia tupu akalianika juu ya uzio. Siku hiyo beberu wa pembe moja alikata kamba. Alipanda mlima mpaka kwa Placide. Watu walisema alikuwa ameizoea sauti yake. Alilikuta gunia, akalilamba tangu adhuhuri. Mbuzi wa milimani haoni chumvi mara nyingi. Ilipofika saa kumi tumbo lilikuwa limevimba, na kabla wanawake hawajamaliza kutwanga, beberu alikuwa amekufa.

Mama Pulchérie hakupiga kelele. Asubuhi yake alikuja Fabien, ndugu yake, mjomba wa Pulchérie, akamchukua Pulchérie na mkeka wake na chungu chake, wakashuka. Pulchérie aligeuka mara moja kwenye kona. Placide alikuwa ameshika kopo la kumwagilia na hakujua aliweke wapi.

Alitafuta beberu mwingine, kijana, mwenye pembe zote mbili, akampeleka kwa mkono wa Fabien. Beberu alipokewa. Mke hakurudi.

Jumamosi Placide alishuka kama kawaida, akakohoa. Mama Pulchérie akaenda nyuma ya nyumba. Beberu mpya alikuwa amefungwa mahali pa marehemu. Placide alichota polepole, akingoja. Aliinama akamwambia beberu habari za asubuhi, na beberu alimtazama tu, na nyuma ya nyumba kukawa kimya. Beberu mpya alikuwa mgeni, na hakuna anayemkabidhi mgeni maneno ya nyumbani. Ikawa hivyo Jumamosi tatu.

Ya nne alimwendea Fabien, akamwomba amwambie anachotakiwa kufanya. Fabien alikuwa mvuvi aliyeacha ziwa kwa sababu ya mgongo, naye alipenda kueleza mambo akiwa amelala. Alieleza akiwa amelala.

"Mbuzi ulishalipa," alisema. "Dada yangu hana neno juu ya mbuzi. Lakini anasema hivi: kitu inaua beberu muzima kwa siku moja, ilikuwa inalala chini ya kitanda ya mutoto wake. Anataka aone kwa macho yake kitu moja tu yenye ile chumvi ilipatia uzima. Akiona, mutoto atarudi. Kama ni ya kuua tu, mutoto atabaki."

Fabien aliongeza, kwa upande wake mwenyewe, kwamba alishaona wanawake wakibaki kwao kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Placide alitoa debe ndani ya nyumba, akalifunika kwa bati, akalitundika juu ya mti nyuma ya gereji ya Bwana. Halafu alifikiri. Hakuwa mtu wa kufikiri sana, lakini alikuwa anajipikia ugali mwenyewe, na ugali wa mtu mmoja unaacha nafasi. Aliona kwamba samadi haikuwa mbaya, na mbolea ya gunia nayo haikuwa mbaya. Kosa lake lilikuwa kuigusisha kila moja na kitunguu. Hata mama mkwe ni mtu mwema, na bila yeye mke asingekuwapo. Lakini ukikaa naye mkeka mmoja, mambo yanaharibika. Kila mmoja ana mahali pake na wakati wake wa kupita.

Mwezi wa nane alichimba mstari mmoja mrefu. Jumamosi zile za kimya hakuchota tena samadi ya juu. Alichota ile ya chini kabisa ya rundo, ya mwaka uliopita, iliyokuwa imegeuka nyeusi na kupoteza harufu. Aliichanganya na udongo, akaiacha mpaka mvua zilipoanza. Mwezi wa kumi alipanda, na kati ya kitunguu na samadi aliweka udongo mtupu wa vidole vinne. Mbolea ya gunia hakuigusa bado. Majani yalipofika matatu ndipo alipoishusha kutoka mtini. Alipima kizibo kimoja cha chupa kwa kila mmea, akakimwaga kwa kuuzunguka, mbali na shina kama shibiri moja, akafukia, akamwagilia. Alingoja tena. Siku alipobonyeza majani akasikia kitu kigumu kinapanda ndani, alitoa kizibo cha pili. Cha tatu hakutoa, ingawa debe lilikuwa bado zito.

Mimea ilisimama. Bwana agronome alipita na daftari lake, akauliza ni mbolea gani imetumika. Placide alisema zote mbili.

"Kwa kiasi gani?"

"Kwa heshima, Bwana."

Bwana aliandika kitu. Hatujui aliandika nini.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili maua yalifunguka, kuanzia chini kwenda juu, mengine mekundu, mengine meupe, mengine rangi ya papai lililoiva, kumi na mawili na kumi na manne katika bua moja. Madame alileta kiti akakaa mbele yake. Alisema yasikatwe mpaka Noeli, kwa kuwa kutakuwa na wageni kutoka Uvira na nyumba yote itajazwa maua hayo. Placide aliitikia. Kisha alimtumia Fabien habari kwamba Jumapili Bwana na Madame watashuka Baraka.

Jumapili hiyo Fabien alimleta dada yake. Placide alikuwa amekwisha kusimama nyuma ya pipa la maji ya mvua, uso ukielekea ukuta, kwa hiyo yote yaliyofuata aliyapata kwa masikio. Alisikia nyayo za Fabien, zinazoburuta. Alisikia nyayo nyingine, nyepesi, zikisimama mbele ya mstari. Halafu alisikia kwato.

"Maneno ya maua mi sijue," Mama Pulchérie alimwambia ndugu yake. "Mbuzi ndiye anajua." Na akamfungua beberu.

Sauti ya ua la panga likitafunwa inafanana na ya majani ya boga yakivunjwa kwa kupikwa. Placide aliisikia vizuri sana. Alijua yale ni maua ya Noeli, na kwamba Madame alikuwa ameyahesabu. Lakini kutoka nyuma ya pipa na kumfukuza beberu kungekuwa kumtazama mama mkwe ana kwa ana, na mke aliyemngoja kwa nusu mwaka angebaki kona ya chini siku zote. Aliweka paji la uso ukutani. Bua la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la saba beberu alishiba.

Kisha walingoja afe. Mama Pulchérie alikaa juu ya jiwe. Fabien alilala. Jua lilipita juu ya pipa likaenda upande wa pili, na kisigino cha Placide kikafa ganzi. Saa kumi, saa ileile tumbo la marehemu lilipokuwa limevimba, beberu alijinyoosha, akakojoa, akalala chini na kuanza kucheua.

"Beberu," Mama Pulchérie alisema.

Placide aliinua kichwa. Tangu afike kwake, yule mbuzi hakuwa amewahi kuitwa na mama mkwe.

"Beberu, uliza ule wa inyuma ya pipa aliweka chumvi ngapi."

"Beberu, ambia mama: kizibo moja, mara mbili. Na chini iko takataka ya zizi yenu, ya mwaka jana."

"Beberu, na ule wa kwanza alilamba ngapi?"

Placide alifikiri. "Mabaki ya gunia muzima, mama," alisema.

Alikuwa amemjibu mama mkwe mwenyewe, moja kwa moja, bila kupitia kwa beberu.

"Beberu," Mama Pulchérie alisema baada ya muda, "umesikia. Kuna muntu anasahau adabu kwa sababu ya kukaa bila bibi. Hiyo haifai kuendelea. Ambia ye tunaenda nyumbani."

"Beberu, naomba musamaha," alisema Placide.

Mama Pulchérie alimwamsha Fabien, wakashuka.

Madame alirudi jioni, akahesabu, akakosa mabua saba. Placide alisema yaliliwa na mbuzi. Aliulizwa kama alikuwapo. Alisema alikuwapo. Aliulizwa kwa nini basi hakumfukuza, akasema mama mkwe alikuwapo pia. Bwana agronome, ambaye alikuwa amekaa nchi hii miaka kumi na miwili, alimweleza Madame kwa Kifaransa kwa muda mrefu. Alipomaliza, Madame alimtazama Placide, kisha lile pipa, akasema mwaka ujao apande mstari wa pili, na mbuzi aambiwe ni upi wake.

Pulchérie alipanda mlima Jumatatu asubuhi. Mkeka ulikuwa kwapani, chungu mkononi, na kichwani kitunga cha samadi, ya chini kabisa ya rundo, ambayo mama yake alikuwa amemchagulia. Alisema mama ameomba vizibo kumi kwa ajili ya mahindi yake, ila vipitie kwa Fabien, na debe lisiingie tena nyumbani. Kitunga alikiacha nje. Aliingia, akaweka chungu, akapiga magoti na kutazama chini ya kitanda. Palikuwa na viatu tu.

Ndipo akauliza kama kuna samaki. Placide alisema wapo wawili.