Maji Safi Yasiyo Tohara

Mdachi aliyesimamia kambi ya reli pale Zuzu nilimchukia tangu siku ya kwanza, na sitajitia wema leo eti kwa kuwa amekwisha kurudi kwao. Kambi ilikuwa na kisima kimoja cha maji matamu, naye akakiwekea askari. Maji hayo, alisema, ni ya nyumba yake na ya gari moshi. Sisi wake wa vibarua tulichota kwenye birika la saruji huko chini, yalikokusanyika maji machafu ya jikoni kwake: ya kuoshea masufuria, ya kufulia, na ya kuoshea nguruwe aliowachinja.

Kila asubuhi aliamuru birika litiwe unga wa shabu, shabu ileile wanayoitumia vinyozi kwetu Kondoa, kisha likorogwe. Uchafu ulishikana mabonge mabonge ukazama, juu yakabaki maji maangavu. Mdachi alitamba utadhani yeye ndiye anayeleta mvua. "Hii maji safi! Safi kabisa!" Mwenyewe hakuonja hata tone. Sisi tulikunywa kwa kulazimishwa na kiu.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Busi kunisaidia kulea mtoto. Maji yale yalimvuruga tumbo, akahara damu, na asubuhi moja akanifia mikononi. Nilibakiwa na jambo moja la kumfanyia, kumwosha. Nikachukua ndoo nikaenda kisimani.

"Kaka, mama yangu amekufa. Nipe ndoo moja tu."

"Amri ya bwana, dada," askari akasema. "Nenda birikani. Maji ni maji."

Mdachi akatoka na kitambaa cha mezani shingoni. Nilipomweleza, akaonyesha birika kwa kidole. "Maji ile pale. Safi."

"Ni safi kwa macho, bwana, lakini si tohara. Yana nguruwe. Shabu imezamisha uchafu, haikuondoa najisi. Na maji hayo ndiyo yaliyomuua!"

Akamgeukia askari, akamuuliza tohara ni kitu gani. Askari yule alikuwa Mwislamu kama mimi. Akatazama viatu vyake, akajibu, "Si kitu, bwana."

Nilitema mate chini, mbele ya miguu ya askari yule, nikarudi na ndoo tupu.

Bibi mmoja wa Kirangi aliyejua kuosha maiti aliitazama ndoo, akanielewa. "Mwanangu, tutamfanyia tayamamu," akasema. Akapiga viganja juu ya udongo mkavu, akampaka mama usoni na mikononi, kama sheria inavyoruhusu pale maji yanapokosekana. Yanapokosekana! Huku nje gari moshi lilikuwa linajazwa maji ya kisima, nayo yakifurika na kumwagika relini.

Tulikuwa tunaikunja sanda Mdachi alipofika kumtafuta mume wangu arudi kazini. Akachungulia mlangoni bila hodi, akaliona vumbi usoni mwa mama. Akakunja pua, akamwambia askari wake, "Maji ipo, lakini hawaoshi. Watu chafu hawa."

Nilimfunika mama uso. Ningekuwa na kisu mkononi, nisingeishi kuyaandika haya.