Maji ya Kamawe Yalipohama

Baltazari alizaliwa juu kabisa kwenye milima ya Mbizi, karibu na chemchemi ya kijito cha Kamawe, na alijivunia maji yale kama mtu anavyojivunia ukoo. Yalitoka kwenye ufa wa mwamba, yakatuama ndani ya bakuli la jiwe jeupe, kisha yakafurika na kuteremka juu ya mabamba ya mawe. Yalipita katikati ya matuta ya maharage, yakafika ukingo wa Ufipa na kuporomoka kuelekea Milepa na Ziwa Rukwa.

Limbu na mkewe Kija walipohamia chini kidogo ya chemchemi na ng'ombe wao kutoka Usukumani, Baltazari aliwazuia kunywesha.

"Kijito hiki ni chetu," alimwambia Limbu mbele ya watu. "Peleka mifugo yako kwenye matope huko."

Limbu alipiga mluzi, akawageuza ng'ombe.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi wa mawe ya thamani walifika mjini Sumbawanga, na kila mwenye mtaimbo akajiita mchimbaji. Ndani ya lile jiwe jeupe la Kamawe mlikuwa na vipande vya kumetameta. Baltazari akaamini ni dhahabu.

"Usipaguse hapo," mkewe Silvana alimsihi. "Ndipo maji yanapotuama."

Hakusikia. Aliwasha moto juu ya mwamba mchana kutwa, kisha akaumwagia maji baridi. Mwamba ukalia, ukapasuka. Vile vipande vilikuwa ulanga tu, madini ya kung'aa yasiyo na bei; vilibanduka vidoleni mwake kama magamba ya samaki. Bakuli lilikuwa limegawanyika, na chini yake ufa umeachama. Maji yakazunguka kidogo, yakazama humo. Kesho yake kijito kilikuwa changarawe tupu.

Majirani walipomuuliza, alisema ni tetemeko. Watu wakaamini, kwa kuwa ardhi ya Rukwa hutetemeka mara kwa mara.

Maji yakaibukia chini ya jabali, nyuma ya zizi la Limbu.

"Mimi sina uso wa kwenda kuwaomba," Silvana alisema. "Nenda mwenyewe."

Baltazari akabeba ndoo, akashuka. Alimkuta Kija akiosha vibuyu vya maziwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alihamishia ndoo mkono wa pili. "Nimekuja… Unajua, lile tetemeko…"

"Teka pale juu, baba," Kija alimkatiza kwa upole. "Ng'ombe hawafiki pale."

Limbu alikuwa kando, akisokota kamba. Alisema bila kuinua macho, "Mzee, moshi wako tuliuona. Hatukumwambia mtu."

Baltazari alitamani wamtukane. Ndoo ilijaa, ikafurika, naye ameinama tu, masikio yakiwaka moto.

Kwenye mkutano wa kitongoji alisimama akasema yote. Wengine walicheka. Cornelia, mjane ambaye maharage yake yalikuwa yamekauka, aliinuka akaondoka bila neno, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Baltazari alijaribu kuuziba ufa kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, lakini maji hayakurudi. Akamlimia Cornelia matuta mapya karibu na chemchemi ya chini, baada ya Limbu kukubali kuwapa nafasi.

Miaka ikapita, watu wakaacha kulizungumza. Yeye hakulisahau. Kila Kija alipomwamkia, Baltazari aliitikia huku akitazama miguu yake mwenyewe.