Mutish, Aliyechuchumaa Mahali pa Kang'oi

Kichwa kimeelewa, moyo bado unabisha. Leo asubuhi nimempigia Mutish simu kumwuliza ufunguo wa kabati ya kanda uko wapi. Ikaita. Mama yake ndiye aliishika, na mimi nikamsalimia tu, ufunguo sikuutaja. Tulimzika Ijumaa, kwao Katangi.

Naandika haya nikiwa cyber hapa Machakos, niko na wasiwasi, na si wa msiba peke yake. Nitafika hapo.

Kwa wasiomjua: Mutinda, sisi tukimwita Mutish, ndiye aliyemchora Kang'oi, yule punda mdogo wa kijani ambaye watoto wenu humngoja kwa TV kila Jumamosi asubuhi. Watoto wa kipindi ni wa kweli. Punda ni wa kuchorwa. Mimi ndiye producer, maana yake niliyeanza na kamera moja ya harusi na hakuna mtu alinishika mkono.

Siku ya kwanza alikuja kuuliza kama nahitaji mtu wa kuandika majina kwa kanda za harusi. Akaandika jina la bibi harusi mmoja, na kando akachora punda amevaa shela. Nilidhani tutashtakiwa. Bibi harusi akacheka mpaka akaomba nakala ya mama yake. Nikamwajiri Mutish hiyo wiki.

Kwa mazishi mzee mmoja alisimama akasema marehemu alikuwa kijana mzuri, ila alipoteza wakati na katuni. Nilinyamaza kwa heshima ya familia. Hapa sinyamazi. Sekunde moja ya Kang'oi ni michoro kumi na miwili. Dakika moja, mia saba na ishirini. Piga hesabu ya kipindi kizima, halafu uniambie nani alikuwa anapoteza wakati.

Shida yetu tangu mwanzo ilikuwa moja: mtoto wa miaka minne haongei na hewa. Ukimwambia punda yuko hapa, anaangalia kamera, anaangalia mama yake, anaangalia dari. Mutish akasema, "Boss, wacha mimi nikuwe punda."

Akachuchumaa pale Kang'oi angesimama, akasema maneno ya punda. Watoto wakamjibu. Tukapiga take hiyo, yeye akatoka, tukapiga tena bila yeye, na watoto wakabaki wanaangalia palepale, mahali ambapo baadaye alimchora punda. Kila kipindi tulifanya hivyo.

Mwende, msichana mkubwa kati ya watoto wa kipindi, alikuwa akimfokea kama mwalimu, eti masikio yako wapi leo. Mutish anaweka vidole viwili kichwani, uso mkavu, hata hacheki.

Sasa kinachoninyima usingizi. Ameacha vipindi vinne. Watoto wamesharekodiwa, punda hajachorwa. Station inavitaka mwisho wa mwezi, la sivyo saa yetu inapewa katuni za ng'ambo. Simu yao ya kwanza baada ya kifo iliuliza kanda ziko wapi. Ya pili ndiyo ilisema pole.

Nikampata Kevo, kijana wa Syokimau anayechora kwa kompyuta. Heshima yake iko. Alikaa na michoro ya Mutish mpaka mkono wake ukaizoea. Jana akanipigia.

"Auntie, kuna shida. Hawa watoto hawamwangalii punda. Wanaangalia juu yake."

Nikamwambia haiwezekani. Akasema nije nione. Ni kweli. Vipindi vyote vinne, macho ya watoto yanapita juu ya kichwa cha Kang'oi kama shibiri mbili hivi. Ni kama wanaongea na mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

Nikaweka zile take za kwanza, zile yeye yuko ndani.

Mutish amekaa kwa kiti. Kiti cha plastiki cha mama wa chai. Sauti ya punda iko sawa, vidole viko kichwani, lakini amekaa. Nikakumbuka alituambia suruali ni mpya hataki kuikunja, na sisi tukamcheka, tukamwita bwana harusi.

Pale Katangi, tukipanga sahani, mama yake aliniambia, "Mwanangu hakupiga magoti miezi mingi. Hata kanisani alikuwa anaomba amesimama." Figo zilikuwa zimemjaza miguu maji. Nilimsikia mama, nikasema pole, nikaendelea kupanga sahani. Jana ndipo nikaelewa.

Njia ni mbili. Nimrudishe Mwende asimame pale aongee na hewa, na safari hii hakuna wa kuchuchumaa. Hiyo sifanyi. Ama tumrefushe punda.

Mama wa vipindi kule station anasema character haibadiliki katikati ya season, watoto watachanganyikiwa. Nikamwambia, "Dada, Mwende ameng'oka meno mawili tangu tuanze. Hakuna mzazi amepiga simu kuuliza kwa nini." Akasema ataangalia. Hakuahidi. Akikataa, kazi ya mwisho ya Mutish inaishia kwa sanduku, na mimi sijui nitamwambia nini mama yake.

Lakini Kevo ameshaanza kuchora. Nilimwambia aanze kabla hata sijapiga hiyo simu. Kimo cha Kang'oi kuanzia sasa ni pale macho ya watoto yanafika. Hatutaeleza kitu. Amekua, kama punda yeyote.

Kwa hivyo wazazi, mkimwona mrefu, tafadhali msiwaambie watoto kwamba tumekosea.

Mutish, ungeniambia tu. Tungeandika punda aliyechoka, alale kivulini vipindi vyote vinne, na hakuna mtoto angelalamika.

Sasa nyoosha miguu, ndugu yangu. Hakuna anayekuomba uchuchumae tena. Lala salama.