Gari la Viti Viwili na Posa ya Butiama

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho bado naiona: baba yangu mkubwa, Mzee Magesa, mtu wa heshima zake, amejilaza ndani ya gari jekundu lisilo na paa. Amevaa koti la kanisani na miwani mikubwa ya kuzuia vumbi. Ananiuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa, "Sasa hii ndiyo tunaenda nayo posa?"

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Jana ulinionyesha kwenye simu picha ya gari la spoti lililotumika, milango miwili, tumbo linakaribia kugusa lami, ukaniuliza kama ulinunue. Umekuja kwa mwenyewe. Tangu ujana wangu nimemiliki magari ya namna hiyo, yote mitumba, yote ya viti viwili, na hakuna hata moja lililowaka siku niliyolihitaji. Vuta kiti, nikusimulie la kwanza. Hayo mengine yalikuwa ndugu zake tu.

Uhuru ulikuwa bado mpya, na mimi nilikuwa fundi kijana katika kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda. Mhandisi mmoja wa mgodi wa dhahabu wa Kiabakari alikuwa anarudi kwao Ulaya, akauza vitu vyake vyote. Wenye akili walinunua jokofu na meza. Mimi nilimtoa mtamba wangu, ng'ombe pekee niliyekuwa naye duniani, nikaondoka na gari. Baba hakunisemesha mpaka pamba yote ilipokwisha vunwa.

Watu wa Bunda walilipa jina siku hiyo hiyo. Walilitazama, wakaona namna nilivyoingia kwa kunyoosha miguu kwanza halafu mgongo, wakaliita Kitanda. Mimi nilikasirika, lakini jina lilikuwa limeshakaa.

Msimu ule ule nikamwona Nyangeta. Alikuja na baba yake kutoka Butiama, wameleta pamba kwa mkokoteni wa maksai. Mimi nilikuwa nimetoka chini ya mashine, grisi mpaka masikioni. Akanitazama kutoka juu ya magunia, akasema, "Wewe unatengenezaga mashine au unaipaka mwilini?" Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimekwisha.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo jambo lilipo. Baba yake, Mzee Marwa, hakuwa mtu wa kuchezewa. Ujumbe wa posa ukifukuzwa langoni kwake, ndiyo basi, haurudi tena. Na nilishasikia kwamba karani mmoja wa Musoma, mwenye tai na baiskeli inayong'aa, naye anapanga wazee wake. Kwa hiyo nilikuwa na siku moja tu. Nikiiharibu, Nyangeta angeenda Musoma akipakiwa kwenye baiskeli.

Desturi yetu ilikuwa hivi. Wazee wa mwoaji wanaingia pamoja, mkubwa wao akiwa mbele. Lakini mkubwa huyo hasemi kilichowaleta. Kinywa ni cha msemaji, na msemaji anasema akiwa amesimama uani kwa mwenye binti, si pengine popote. Mkubwa wetu alikuwa baba mkubwa Magesa. Msemaji alikuwa mjomba wangu Bwire, mtu mnene, mwenye sauti ya kuamsha kijiji kizima. Wawili hao, na mimi dereva, tukawa watatu. Kitanda lilikuwa na viti viwili.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungepanda lori la pamba na wazee wako, mshuke Kiabakari, mtembee taratibu mkizungumza mpaka Butiama. Kila mtu aliniambia hivyo. Mimi nilitaka Butiama walione gari! Nikasema nitawapeleka mmoja mmoja, na kwa kuwa nimelelewa vizuri, nikaanza na mkubwa. Haiwezekani umwache mkubwa nyuma anasubiri, au siyo? Adabu yangu mwenyewe ndiyo iliyoniponza.

Kwenda hakukuwa na shida. Kitanda lilinguruma, kuku wakakimbia, baba mkubwa akashika kofia kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine. Nikamshusha karibu na lango la Mzee Marwa, nikageuza haraka kumfuata mjomba Bunda, kabla watu hawajaona kwamba tumekuja nusu.

Mengine nilisimuliwa. Mzee Marwa alitoka akamkuta langoni mzee asiyemjua, mwekundu wa vumbi kutoka kofia hadi viatu, na ile miwani bado iko usoni. Wakasalimiana vizuri. Akamkaribisha, akampa kigoda na maziwa ya mgando.

"Haya mzee mwenzangu," Mzee Marwa akasema, "habari ya safari? Umefuata nini huku kwetu?"

Baba mkubwa akanywa maziwa. Hakuwa na ruhusa ya kusema.

"Uko peke yako?"

Baba mkubwa akafikiri, akasema, "Kwa sasa."

Halafu, kwa kuwa alihitaji mahali pa kuelekeza macho, akayaelekeza zizini. Kulikuwa na fahali mmoja mwenye pembe zilizopinda vizuri, naye baba mkubwa alipenda ng'ombe kuliko hotuba. Akamtazama. Akanyanyuka, akamzunguka. Akainama kutazama kwato.

Mwanangu, wewe umezaliwa mjini Musoma, lakini kwa watu wetu mgeni asiyesema shida yake, anayekagua zizi lako mpaka kwato, ana maana mbili tu. Ama ng'ombe wake wameibwa na amefuata nyayo, na anakushuku wewe. Ama ametangulia kuchagua, na wenzake wanakuja kuchukua. Mzee Marwa akapiga yowe. Wanaume wakaja na fimbo, wakamzingira baba mkubwa, ambaye aliketi tena kwenye kigoda chake akaomba maziwa mengine.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshamchukua mjomba, tumefika Kiabakari tu, nami niko chini ya gari. Kitanda lilikohoa mara moja, likanyamaza. Nilisafisha plagi, nikapuliza kabureta, nikalibembeleza, nikalitukana kwa lugha zote za mkoa huu ninazozijua. Watu wa gulioni wakaja kusukuma. Mjomba Bwire hakushuka.

"Mjomba, shuka basi tusukume."

"Msemaji wa posa hasukumagi gari," akajibu. "Nikihema hivi, nitasema nini kule?"

Nikamsimamisha mtu wa baiskeli aliyekuwa anaelekea Butiama. Nilijua baba mkubwa hatasema kitu, nikamwomba afike kwa Mzee Marwa awatulize. Sikuweza kumtajia posa, maana si neno la kumpa mpita njia. Kwa hiyo alifika na ujumbe huu: "Kuna kijana kakwama Kiabakari na gari. Anasema huyo mzee ni wa kwake, mumtunze, wenzake wako njiani."

Wenzake wako njiani! Mzee Marwa hakuhitaji zaidi. Alikuja na wanaume wake na maksai wa kulimia, kukamata wezi pamoja na gari lao la kutorokea. Mimi nilisikia kwato, nikatoa kichwa chini ya gari, nikamwona mkwe wangu mtarajiwa ameshika fimbo.

"Wewe ndiye mwenyewe?" akauliza.

Nikamwangalia mjomba kwa macho ya kuomba. Mjomba, mtu ambaye hajawahi kunyamaza kwenye msiba wala harusi, akafunga mikono kifuani, akasema, "Maneno yetu si ya barabarani."

Basi wakalifunga Kitanda kwa minyororo, maksai wakavuta. Mjomba akabaki ameketi ndani kama mtemi, mimi nikatembea nyuma katikati ya fimbo. Tuliingia Butiama hivyo. Nilitaka gari lionekane, na kweli lilionekana. Watoto wa shule walitoka, akina mama wakaacha majembe. Nilimwona Nyangeta kwenye kona ya nyumba ameziba mdomo kwa kanga, na nikajua karani wa Musoma ameshinda.

Tulipoingia uani, mjomba akashuka. Akamwona baba mkubwa kwenye kigoda chake. Akasogea nyuma yake inavyotakiwa, akavuta kaptula juu, akafungua ile sauti. Alianza na babu wa babu yetu. Akapita kwenye koo, kwenye ng'ombe, kwenye mvua. Alipofika kwenye neno binti, fimbo zilikuwa zimeshashuka chini.

Mzee Marwa akamtazama baba mkubwa. "Sasa mzee, kumbe hukuweza kuniambia?"

"Mimi si msemaji," baba mkubwa akasema. "Lakini yule fahali ni mzuri sana."

Aliyeanza kucheka alikuwa bibi yake Nyangeta, halafu ikawa haizuiliki tena. Ila Mzee Marwa hakucheka. Akamwita binti, kwa sababu desturi ni lazima aulizwe. "Unawajua hawa wageni?"

"Hao wazee siwajui," Nyangeta akajibu. "Lakini huyo wa grisi, huyo namjua."

Wazee wakanong'ona na kukubaliana kuzungumza. Kisha Mzee Marwa akanivuta pembeni, akaniambia maneno ambayo sijayapoteza. "Kijana, ulitaka tuione gari au tuwaone watu wako? Umemwacha mzee wako peke yake kwa watu asiowajua, kwa ajili ya kiti. Siku nyingine, hata mkitembea kwa magoti, njoo na watu wako wote." Nilitazama viatu vyangu.

Kuondoka sasa. Ilibidi gari lisukumwe, na wasukumaji wakaniambia, "Mwenye gari asukume kwanza, ndiyo sisi tutaona uchungu." Nani ashike usukani? Baba mkubwa alikuwa ameshajilaza kwenye kiti cha abiria. Mjomba alikuwa mzito. Nyangeta akasema, "Nitashika mimi." Nikamwonyesha klachi: kanyaga hapa, ukisikia tumechangamka, achia. Kusimama nilisahau kumfundisha, maana sikutegemea kwamba litawaka.

Likawaka. Lilipita katikati ya pamba ya Mzee Marwa, likatimua mbuzi, likapanda kilima na kupotea. Nilikimbia, mkwe akakimbia, wenye fimbo wakakimbia. Tuliwakuta juu kabisa, limezimika lenyewe. Nyangeta alikuwa anacheka hadi machozi. Baba mkubwa akavua miwani, na huyo mtu aliyenyamaza siku nzima akasema, "Mahari yoyote watakayotaja, msibishane."

Hiyo ndiyo ndoa yangu, mwanangu.

Kitanda lilikufa. Nikanunua la bluu kwa mfanyabiashara mmoja wa Musoma, nalo viti viwili. Ndipo vikaja vijiji vya ujamaa, tukahamia kwenye nyumba za mstari, na mwenyekiti wa kijiji akaniita mkutanoni. Akasimama mbele ya watu. "Ndugu, nchi inajenga ujamaa, wewe una gari ya watu wawili. Sisi wengine tukae wapi? Huo siyo ubinafsi?" Watu wakaguna. Niliona kabisa gari langu linageuka kuwa banda la mbolea. Nyangeta akanyoosha mkono, mtoto mgongoni.

"Ndugu mwenyekiti, gari ya mbinafsi huwa inawaka yenyewe. Hii yetu, kuna siku imewahi kuwaka bila kijiji chote kusukuma? Hata wewe juzi ulisukuma. Hakuna kitu cha ujamaa hapa kuizidi."

Mkutano ulivunjika kwa vicheko. Tangu siku hiyo lilibeba wajawazito kwenda zahanati, mmoja mmoja, na kijiji kikisukuma kila safari. Mafuta yalipoadimika tulilivuta kwa maksai, na mimi nilikuwa na ujuzi wa jambo hilo.

La mwisho liko pale bandani, unaliona, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Jumapili tukitoka kanisani mimi na Nyangeta tunawaondoa kuku, tunaingia, tunakaa. Hatuendi popote. Kutoka ndiyo kazi, magoti hayakubali, mpaka wajukuu watuvute mmoja mmoja. Na kila mara ananiuliza, "Leo nani anasukuma?"

Basi jibu lako ni hili. Linunue. Mtu asiye na kitu anachokipenda kijinga anachosha watu. Lakini usimwache mtu wako nyuma kwa sababu kiti hakitoshi. Siku hiyo liache gari nyumbani, mpande lori wote. Likikwama barabarani usione haya kuita watu, na wewe mwenyewe uwe wa kwanza kusukuma. Na usioe mpaka umempata yule atakayeshika usukani wakati wewe unahema nyuma, na likiwaka akuache, halafu akusubiri kilimani akicheka.

Mungu akupe gari linalowaka, mwanangu. Asipokupa hilo, akupe mikono mingi ya kulisukuma. Na siku utakapofika kilimani umechoka, vumbi jekundu mwili mzima, umkute mtu wako bado yuko pale, na kiti cha pembeni kikiwa kitupu, kinakungoja wewe.