Rimu za Gari la Harusi

Mama alikuwa amekataa katakata. Jubilei ya miaka hamsini ya ndoa yao ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata, na baba alikwisha kutangaza kwamba wangekwenda kanisani kwa gari lile lile lililowabeba siku ya harusi, gari la michezo la milango miwili, jekundu, alilolinunua ujanani kwa mhandisi aliyekuwa akirudi kwao. "Sipandi," alisema mama. "Linatetemeka hilo. Nitafika kanisani meno yakiwa mkononi." Baba hajawahi kumshinda mama kwa maneno, kwa hiyo akanigeukia mimi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Mbeya, na ndimi ninayeliendesha gari hilo tangu macho ya baba yaanze kumsumbua. Nilijua tatizo ni rimu: zile za chuma zilikuwa zimechoshwa na mashimo. Baba naye alitaka jambo moja zaidi. Kwenye picha ya harusi gari limevaa rimu za spoti zenye mikono minane, kama jua analolichora mtoto wa chekechea. Aliziazima kwa rafiki yake kwa siku ile moja, na Jumatatu akazirudisha. "Gari hili kwenda kanisani na rimu za chuma," alisema, "ni bwana harusi aliyevaa kandambili."

Mbeya nilizunguka kila duka. Rimu za siku hizi nyingi ni za boliti tano, na gari letu ni la boliti nne. Nilizozipata za nne, moja iligusa shokapu kwa ndani, nyingine ikatokeza nje ya madigadi kama sikio. Nikakata kipande cha boksi, nikakibandika kwenye habu, kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake, na kutoboa matundu manne pale boliti zinapopita. Hicho kikawa kipimo changu. Fundi mmoja akaniambia, "Nenda Kyela, mwalimu. Vitu vya zamani vinavyovuka kutoka Malawi hukwama kule."

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nikaondoka. Tukuyu ilikuwa kwenye ukungu, na akina mama walikuwa wamekwisha kupanga mikungu ya ndizi kando ya lami. Baada ya hapo barabara inashuka, inashuka tena, na kila kona nilivua kitu: kwanza koti, kisha sweta, kisha skafu. Usukani ulitetemeka tangu nyumbani mpaka bondeni, na nikamwelewa mama vizuri. Kakao ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka nje ya nyumba, na harufu yake ya kuchachuka iliingia dirishani.

Saa nne nilikuwa mtaa wa Bondeni, mjini Kyela. Niliuliza mara mbili tu, nikaelekezwa kwa Mzee Mwambene, mfanyabiashara wa vipuri ambaye mama yake ni wa Karonga na biashara yake iko pande zote mbili za mpaka.

"Mugonile, baba," nikamsalimu.

"Ndaga, mwanangu. Hilo gari lako linaumwa. Nimelisikia kabla sijaliona."

Nilimwonyesha picha ya harusi. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akaingia ndani. Alitoka akiburuta gunia. Ndani yake mlikuwa na jua la mikono minane. Moja, mawili, matatu. Nikaweka boksi langu juu ya rimu na matundu manne yakalingana sawasawa.

"Na ya nne, mzee?"

"Ya nne iko Lyulilo, kule Matema, kwa Mama Tumpe. Ni mfinyanzi, wa kabila la Wakisi. Aliiomba mwenyewe, miaka mingi sasa. Chukua hizi. Akikupa ya nne, zote ni zako. Akikunyima, unirudishie, maana rimu tatu ni za bajaji."

Fundi wa pancha wa jirani alihamisha matairi, tukafunga zile tatu, na gurudumu moja likabaki na chuma chake. Rimu tatu tupu za chuma nikazitupa nyuma. Mzee Mwambene akaongeza mfuko wa mchele wa Busale, "wa mama wa jubilei". Nikaondoka nikijiona kama bingwa wa mashindano ya magari.

Nje kidogo ya mji nilipofika kilomita sitini kwa saa, usukani ulinitetemekea mikononi kuliko asubuhi. Kuliko! Nilisimama, nikakaza nati zote, nikaendelea, na hali ikawa ile ile. Nikajifariji kwamba kosa ni la gurudumu lile moja lisilofanana na wenzake. Mwalimu wa fizikia mzima, nikajidanganya hivyo kupita Ipinda, katikati ya mashamba ya mpunga, mpaka milima ya Livingstone iliposimama mbele yangu na ziwa likaonekana chini yake.

Lyulilo nilifika saa nane kasoro. Mama Tumpe alikuwa ameketi mchangani kando ya nyumba yake, miguu ameinyoosha, mbele yake chungu kibichi kikizunguka polepole. Wafinyanzi wenzake walizungushia vyungu vyao kwenye vigae. Yeye alikuwa amechimbia ardhini kipande cha ekseli ya pikapu, habu ikatazama juu, na juu ya habu akafunga jua la mikono minane.

Nilimweleza yote: jubilei, picha, mama asiyetaka kutetemeshwa. Alinisikiliza bila kuondoa kidole kwenye mdomo wa chungu.

"Mwanangu, unataka kuchukua mkono wangu wa kulia," alisema. "Sawa. Lakini utaniachia kingine, na nitakijaribu kwanza. Kikinitolea chungu cha upande, nenda zako salama bila hii rimu."

Aliingia ndani akarudi na spana yake mwenyewe. Alipoinua ile rimu niliona kitu: kwenye tundu la katikati kulikuwa na pete ya bati la kopo, imekunjwa mara mbili.

"Hili la nini, mama?"

"Nilipoifunga mara ya kwanza, kila chungu kilitoka mdomo kando. Wakasema nimezeeka. Nikakaa nikaitazama. Tundu lake la katikati ni kubwa kuliko hii habu. Nati nne zinashika tu, hazijui katikati ni wapi. Nikajaza kwa bati, ikatulia."

Nilikaa mchangani bila kukaribishwa. Kumbe mimi nilipima matundu manne, lile la tano, la katikati, nikaliona ni nafasi ya kupitisha hewa tu.

Tukafunga rimu yangu ya kwanza ya chuma. Iliingia kwenye habu yake bila bati na bila kucheza, ndipo nikajua kwamba habu yake na zangu ni kipimo kimoja. Aliweka udongo, akazungusha, akasogeza unyasi mmoja pembeni. Unyasi uligusa upande mmoja tu. "Hii imepinda," alisema, akaitupa. Basi tetemeko la asubuhi lilikuwa la rimu ile, na la mchana la matundu makubwa ya rimu za spoti. Magonjwa mawili, nami nilikuwa nikitafuta dawa moja.

Ya pili aliizungusha kwa muda mrefu. Unyasi uliandika mstari mmoja mwembamba, mzima, kuzunguka udongo wote. Mama Tumpe akacheka kwa mara ya kwanza.

"Hii inanifaa. Chukua jua lako. Na bati chukua, ukampe fundi kipimo."

"Ndaga fijo, mama," nikamshukuru.

"Mwambie mama yako apande."

Nililala Matema, na Ijumaa nikarudi Mbeya polepole, rimu ya nne kwenye kiti cha pembeni, imefungwa mkanda. Jumatatu fundi wa kuchonga vyuma alilipima lile bati, akachonga pete nne za alumini, moja kwa kila tundu. Safari hii imenifundisha jambo nililopaswa kulijua ubaoni: kitu kinaweza kushikwa barabara pande zote na bado kisiwe mahali pake.

Jumapili mama alilizunguka gari mara mbili, akaitazama picha, akapanda. Alikaa na baba nyuma, wamebanana, kama siku ya harusi, rafiki yao alipokuwa dereva. Nilifika kilomita sitini, nikafika themanini. Usukani ulitulia kabisa. Tulipoliona kanisa, mama akauliza:

"Mbona halitetemeki?"

"Tumelitengeneza, mama."

"Siku ya harusi lilitetemeka njia nzima," alisema. "Miaka hamsini nimedhani aliyetetemeka ni mimi."

Kisha baba akasema taratibu, "Na mimi nilidhani ni mimi."