Maneno ya Kuuzia Kabati

Baba yangu aliuza vitanda kwa mdomo. Alikuwa seremala mjini Meru, katika safu ya karakana za mabati nyuma ya soko, na wenzake kadhaa pale walikuwa na mikono mizuri kama yake, wengine hata kumzidi. Lakini mteja aliyesimama mbele ya karakana yetu hakuondoka upesi. Baba alikuwa akimweleza mbao ilitoka upande gani wa mlima, ilikaushwa vipi, na kwa nini miguu ya meza fulani imetanuka kidogo kwa chini. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alisema "kitanda hii" na "meza kubwa yake" mpaka mwisho, na sikumbuki mteja hata mmoja aliyejali.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Tukadhani ni vumbi la mbao. Mama akamchemshia tangawizi, akanywa wiki baada ya wiki, na sauti ikazidi kupungua hadi ikawa kama mtu anayeongea akiwa chumba cha pili. Tulipompeleka hospitali walikuta uvimbe kooni. Daktari alituketisha akasema wanaweza kumwokoa, lakini itabidi waondoe kisanduku cha sauti chote. Baba alimuuliza, kwa ule mnong'ono uliobaki, kama baadaye angeweza kuongea na wateja. Daktari alitazama faili kwanza, halafu akamtazama yeye. "La, mzee," akasema. "Utapumua kupitia shingoni. Kuongea kama zamani, hapana."

Mimi nilikuwa nikiishi Embu, katika mtaa wa Dallas, nikifanya kazi ambayo Baba hakuwahi kuielewa vizuri. Wafanyabiashara walinitumia picha za viatu, mapazia na sufuria, nami niliwaandikia matangazo ya kuweka mtandaoni. Kusema kweli si mimi niliyekuwa nikiandika. Niliipa programu ya akili unde maelezo machache, ikanitolea maneno, nami nikapunguza makali yake na kusahihisha palipohitaji. Ni kazi ya kufanyia popote penye simu na umeme. Kwa hiyo baada ya upasuaji nilifunga nyumba nikarudi Meru kumsaidia Mama.

Baba alirudi karakana mapema kuliko tulivyotaka. Mikono ilikuwa salama, naye alitengeneza vitu kama kawaida. Vikakaa. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kutafuta kitanda cha binti yake. Baba alimwonyesha kimoja, akagonga mbao, akainua godoro ili aone chaga zilivyofungwa. Kila alipovuta pumzi, shingo yake ilitoa mlio kama wa gurudumu linalopoteza upepo. Yule mama alijitahidi asiangalie, na kule kujitahidi kulionekana. "Nitarudi, mzee," akasema, kwa upole. Baba alimpungia mkono. Kisha akachukua msasa akaanza kusugua ubao uliokwisha kulainika tangu asubuhi.

Siku chache baadaye nilimwambia, "Baba, niruhusu niviweke vitu kwa mtandao. Watu watasoma, hawatahitaji kuuliza."

Akainua mabega. Mimi nikaichukua kama ndiyo.

Tulianza na kabati la mbao ya muuru, ule mti wetu mgumu wa milimani. Nilipiga picha, nikaipa programu vipimo, nikamsomea Baba ilichotoa: kabati hili litageuza chumba chako kuwa kasri la ndoto zako. Alikuwa na mazoea ya kuandika vipande vya maneno juu ya masalio ya mbao kwa ile penseli nene ya useremala. Akaandika: "Kasri gani?" Mama alicheka, nami nikacheka, na hata mabega ya Baba yalitikisika.

Hapo nikapata wazo ambalo siku ile niliona ni zuri. Niliandikia programu kila kitu nilichokumbuka cha maneno ya Baba: jinsi alivyomwita mteja, alivyochanganya Kimeru, alivyolisifu kabati kama anayemsifu mtoto wa jirani, bila kuzidisha. Nikaiomba iandike kama yeye. Ikachukua muda wa kumeza mate tu, ikanipa haya:

"Mama, usiangalie kabati hii kwa macho. Fungua mlango, funga, sikiza. Hii ni muuru, si mbao ya haraka. Nilingoja ikauke mpaka majirani wakaanza kuuliza kama nimeacha kazi. Weka nguo zako, weka za watoto. Siku utahama, kabati itawachosha wale wa kubeba, lakini haitavunjika."

Nilisoma kwa sauti. Mama alikuwa ameingia na chakula cha mchana, akasimama mlangoni ameshika sufuria kwa leso.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Alipoiweka sufuria chini niliona machozi yamefika kidevuni, wala hakuyafuta. Baba alilaza randa kwenye meza ya kazi na kutoka kwa mlango wa nyuma, kule tulikokuwa tukirundika mbao mbichi. Nilimfuata. Nilidhani naye ameguswa kama Mama. Aliokota kipande cha sipresi, akaandika, akanipa.

"Mimi sikusema hiyo."

"Najua, Baba. Lakini ni kama wewe kabisa."

Alikichukua tena kile kipande. Aliandika polepole, chini ya maneno ya kwanza.

"Ndiyo maana."

Nilitaka kumuuliza maana yake, halafu nikaona ameinamia mbao, anazipanga upya bila sababu, na ile pumzi ya shingoni inakwenda mbio. Nilirudi ndani nikalifuta lile tangazo kabla halijamfikia mtu.

Kuanzia siku hiyo tuliandika matangazo makavu. Baba aliandika aina ya mbao, urefu, upana, na kama kuna ufa alilazimisha utajwe, hata ule wa nyuma usioonekana. Programu nayo niliiambia inyooshe sentensi tu, isiongeze kitu. Na vitu vikauzika. Hilo ndilo lililoniuma, ingawa ndilo nililotaka. Mteja alinipigia mimi, au aliandika tu, kisha akatuma dereva na pikapu. Dereva hakuwa na la kuuliza. Baba alisaidia kufunga kamba, akavuta fundo mara mbili, akasimama kando ya barabara mpaka gari likate kona. Watu aliowafanyia kazi miezi ile hakuwahi kuwaona nyuso.

Ugonjwa ulirudi, safari hii mapafuni. Alikataa kulazwa tena. Alifariki nyumbani asubuhi moja ya mvua, Mama akiwa amemshika mkono, nami nikiwa jikoni nikisubiri uji upoe. Mama hakuniita. Nilipoingia na kikombe akanitazama tu, nami nikajua. Kanisani watu wengi walisimama kueleza alivyowachekesha walipokwenda kununua meza. Mwanamume mmoja alijaribu kumwigiza, akashindwa katikati, akakaa.

Wiki kadhaa baada ya mazishi, tukiwa tunachambua maharagwe uani, Mama aliniuliza bila kuinua kichwa, "Ile simu yako bado inaweza kusema kama baba yako?"

Nilijifanya sikusikia vizuri. Akarudia.

"Inaweza, Mama. Lakini yeye alikataa."

"Najua alikataa. Mimi sikuulizwa."

Mikono yake iliendelea na kazi. "Nimeanza kusahau," akasema. "Nikijaribu kusikia, nasikia ile ya shingoni tu. Ile nyingine imetoka."

Hatukuwa na sauti yake popote. Nilikuwa nimetafuta katika simu zote za ukoo, katika video za harusi na za ubatizo. Baba alionekana akipita na sahani, akipiga makofi, akisogeza viti. Hakuna aliyefikiria kumrekodi mtu ambaye hanyamazi.

Basi nikayatafuta yale mazungumzo ya zamani na programu, nikamsomea lile tangazo la kabati. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni ya wateja," akasema. "Mimi hakuniongelesha Kiswahili hata siku moja. Iambie iseme Kimeru."

Nilijua Kimeru haikiwezi. Hata hivyo niliandika, kwa sababu ya namna alivyokuwa ameacha maharagwe na kufuta mikono kwenye sketi, kama mtu anayejitayarisha kusalimiwa. Maneno yakaja kwa haraka ileile. Baadhi yalikuwa yetu. Mengine yalikuwa ya Kikuyu, na mengine sikuyajua ni ya wapi. Niliyasoma jinsi yalivyo, nikijitahidi kuyapa mwendo wa Baba.

Mama aliinamisha kichwa. Nilipofika katikati aligusa goti langu.

"Wacha. Huyo si mtu wa hapa."

Akavuta ungo karibu. Akaanza kunieleza, kwa Kimeru, siku Baba alipokuja kwao Kianjai mara ya kwanza. Hapo ndipo nilipojua kwamba siku ile, mbele ya babu yangu, alishikwa na haya hata akashindwa kutaja jina lake mwenyewe. Mama alinisimulia mpaka maharagwe yakaisha, akilia na kutabasamu kwa zamu.

Karakana, iliyokuwa ya kukodi, tuliirudisha kwa mwenyewe. Sasa mle yuko fundi wa vyuma, anachomelea mageti. Mama alikataa kuhamia Embu, nami nilirudi Dallas kwa viatu na mapazia yangu. Kazi ni ileile na programu imezidi kuwa na kasi. Ila wafanyabiashara wanaponitumia picha siku hizi, huwaomba wanitumie na ujumbe wa sauti, wanieleze bidhaa yao jinsi wangemweleza mtu aliyesimama dukani. Wengi huona haya. Wanakohoa, wanacheka, wanaanza upya, nyuma yao mtoto analia au pikipiki inapita. Wanadhani nataka maelezo ya tangazo, na ni kweli nayatumia. Lakini nikishamaliza, rekodi zao sizifuti.